Zaburi Iliyoishia Bondeni

Yusta mwanangu,

Marahaba yako ya kesho asubuhi naitanguliza usiku huu, maana sijui kama ukishafika mwisho wa barua hii utakuwa na moyo wa kuniamkia. Mambo ya chandarua, sabuni na kutokula vya njiani mama yako ameshayamaliza, tena kwa kuyarudiarudia, nami sina la kuongeza. Begi lako liko sebuleni. Wa bodaboda ameahidi kufika alfajiri akupeleke stendi. Wewe umelala na mama yako chumbani, mie niko mezani, na nina jambo moja la kukwambia kabla hujapanda basi la Dodoma kwenda kujifunza utetezi wa imani.

Ni hili. Shangazi yako Tabita hakuimaliza ile zaburi.

Nimelitanguliza ili nisije nikaanza kupiga chenga, maana najijua. Jumapili iliyopita, kanisa lilipokuaga, ulisimama mbele ukatoa ushuhuda wako. Ulisema kwamba ulipokuwa mdogo shangazi yako alifia hapa kwetu Mtoni, katika chumba cha uani, na pumzi yake ya mwisho aliitumia kusema zaburi ya mchungaji kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kisha akatabasamu. Ukasema imani inayoweza kumvusha mtu namna ile inastahili kutetewa, na ndiyo sababu unakwenda chuoni. Watu wakaitikia amina. Mzee wa kanisa akatoa leso akafuta macho. Nami nilikaa benchi la nyuma nikitazama viatu vyangu, kwa sababu maneno yale uliyapata kwangu, na mie niliyatunga.

Wewe unanijua kama karani mstaafu wa bandarini anayegombana na redio. Kabla hujapata akili nilikuwa mtu wa mihadhara. Umeona vipande kwenye simu, najua, lakini simu haikuonyeshi vumbi. Tulikuwa na kiwanja cha wazi, si mbali na barabara ya Kilwa, jukwaa la mbao, na spika mbili za pembe zimefungwa juu ya nguzo. Waislamu upande huu, Wakristo upande ule, na kina mama wa mihogo katikati wakiwauzia wa dini zote. Saa kumi alasiri tunaanza. Waliniita Mwinjilisti, na nililipenda jina hilo kuliko nililobatizwa nalo.

Kwenye mhadhara mzungumzaji hasomi mwenyewe. Ana msomaji wake, ameshika Biblia na kipaza sauti cha pili. Wewe unataja kitabu, sura na mstari, kisha unaamuru: "Soma!" Anasoma. Ukitaka kukazia unamkatisha: "Hapohapo. Rudia." Anarudia. Msomaji wangu alikuwa dada yangu Tabita. Sauti yake ilikuwa nyembamba, haina haraka, na ilikuwa ikipita katika zile pembe mpaka watu wa nyumba za mbali wanatoka uani kusikiliza. Kabla sijamaliza kutaja mstari ameshaufungua. Nilidhani anafanya hivyo kwa sababu hana shaka. Sikuwahi kumuuliza.

Kwa kuwa unakwenda kuanza, nikwambie nilivyoanza mie, ujue pa kutokanyaga. Mie nilianzia kwenye majibu. Mtu aliniuzia karatasi za kutoa kopi zenye aya za Kurani zilizopangwa tayari, kila aya na jinsi ya kumbana nayo Mwislamu. Nikazikariri wiki nzima. Siku hiyo upande wa pili alikuwepo Ustadhi Shomari, fundi cherehani wa Temeke, mtu mpole mwenye maneno machache. Nikaishusha aya yangu kwa mbwembwe. Akaniambia, "Mwinjilisti, ahsante. Sasa tusomee inayofuata." Sikuwa na inayofuata. Karatasi yangu iliishia pale. Kiwanja kilicheka mpaka muuza mihogo akaacha kugeuza mihogo, na Tabita alikuwa wa kwanza.

Hapo ningejifunza kwamba kitabu cha mwenzako unakisoma chote, tena unamwomba mwenyewe akueleze anavyokielewa. Mie nilijifunza kutafuta karatasi ndefu zaidi. Nikawa mkali. Mada iliyonipa jina ilikuwa ya mizimu: nilisimama pale mara nyingi nikawathibitishia watu, kwa maandiko, kwamba wafu hawajui neno, hawasemi, hawarudi. Kumbuka hilo tunapoendelea.

Kisha Tabita akaugua. Hakuwa na mume, nikamleta hapa, akalala chumba cha uani kwenye kitanda cha chuma. Aliisha taratibu. Siku moja alasiri nilipita mlangoni kumjulia hali. Nilikuwa nimeshavaa suti yangu ya mhadhara, imenyooshwa, na watu walikuwa wananisubiri kiwanjani.

"Kaka," akaniambia, "hivi mtu akitaka kuamini, halafu haamini, Mungu anamwitaje?"

Nilimjibu nikiwa nimesimama. Kwanza, nikasema. Nikaja kwenye pili. Nilikuwa nimefika mbali sana nilipomsikia akicheka kidogo.

"Usinihutubie, kaka. Hapa si kiwanjani. Njoo ukae bwana."

Sikukaa. Nitakwambia sababu, na nakuomba uivumilie, kwa kuwa ni ndogo mno. Shuka lilikuwa limelowa jasho na suruali yangu ilikuwa imepigwa pasi. Badala ya kukaa nikamwekea Biblia kifuani na kumwambia kwa sauti ileile ya jukwaani, "Zaburi ya mchungaji. Soma!"

"Macho hayaoni, kaka," akasema. Lakini alikuwa msomaji, na alikuwa ameamriwa. Akafumba macho akaanza kuisema kwa kichwa. Majani mabichi, maji matulivu, yote. Akafika bondeni, pale penye kivuli cha mauti. Unajua maneno yanayofuata: yanaeleza kwa nini mpita bondeni haogopi, kwamba yuko aliye pamoja naye. Hayo hakuyasema. Alifungua macho akanitafuta mlangoni.

"Hapa nakwama," akasema. "Upo?"

Nikamwambia, "Malizia basi, unaijua." Nilidhani anavuta pumzi. Nikatazama saa yangu ya mkononi, na nilipoinua macho blanketi lilikuwa halipandi tena.

Neno hilo "Upo?" inabidi nikueleze, kwa kuwa hukulelewa Mpwapwa. Tulipokuwa watoto mimi na yeye tulilala kitanda kimoja, yeye upande wa ukutani, mimi upande wa nje, kwa sababu fisi walilia milimani na alikuwa muoga. Mama akishazima koroboi, giza likitulia, Tabita angeuliza, "Kaka, upo?" Ningesema, "Nipo." Hakutaka zaidi ya hapo, na usingizi ulikuwa unamchukua palepale. Alasiri ile aliniuliza swali lake la utotoni, nami nikamjibu kama anavyojibiwa mwanafunzi aliyesahau somo.

Kwenye msiba, chini ya turubai, mchungaji aliniomba nieleze saa za mwisho za marehemu. Kiwanja kizima kilikuwa kimekuja, wa kwetu na wa Ustadhi Shomari, wamekaa wananitazama. Niliwaza kwamba nikisema alikwama, watasema Mwinjilisti anawashinda watu wote na dada yake kamshinda. Nikasema aliimaliza. Turubai likanong'ona amina, na amina ile ilikuwa tamu, nikaona nami niongeze tabasamu. Wewe ulikuwa mapajani kwa mama yako, unanikazia macho bila kuyapepesa. Tangu siku hiyo ndiyo hadithi uliyoikulia.

Matanga yalipokwisha nikarudi jukwaani na msomaji mpya, Mwalimu Kizito wa shule ya msingi. Jua lilikuwa kali, watu wamejaa. Nikataja mstari wa Warumi, nikainua mkono, nikasema, "Soma!"

Kizito alikuwa bado anafungua kurasa. Spika zikaanza kusoma.

Ilikuwa sauti nyembamba, isiyo na haraka. Haikusoma Warumi. Ilisoma zaburi, sentensi kwa sentensi, kwa ule utulivu wake, ikafika bondeni ikaacha. Baada yake pembe zilibaki zinavuma kwa chini, jinsi zinavyovuma mtu akishika kipaza sauti na bado hajaamua kusema. Niliwatazama watu. Muuza mihogo alikuwa anapanga chumvi na pilipili. Mtoto alikuwa anakuna mguu. Hakuna aliyesikia chochote.

"Mwinjilisti," Kizito akaninong'oneza, "nisome, au nisubiri amalize?"

"Nani amalize?"

Akanitazama kwa mshangao. "Nimesema nisome au nisubiri."

Mpaka leo sijui alisema nini hasa. Kutoka upande wa pili Ustadhi Shomari aliuliza taratibu, "Mwinjilisti, uko sawa?" Watu wakacheka wakidhani nimeishiwa. Nikaweka kipaza sauti juu ya meza, nikashuka jukwaani, nikatembea mpaka nyumbani. Sikurudi tena. Mtaani tulisema ni presha.

Mwanangu, sikwambii ni yeye. Elimu yangu yote inasema si yeye, na huko uendako watakupa majina ya kitaalamu ya mtu anayesikia sauti ya dada yake aliyemwacha afe peke yake huku amesimama mlangoni. Huenda majina hayo ni sahihi. Lakini sikiliza hili pia. Ulipokuwa darasa la kwanza ulikaa pale kizingitini na kitabu chako cha picha, nikakwambia bila kufikiri, "Soma." Ukasoma habari za Juma na mpira. Na chumba cha uani kikasoma. Wewe ukainua kichwa, ukaelekeza kidole kwenye mlango uliofungwa, ukaniuliza, "Baba, mbona yule anasoma kingine?"

Ulisikia, Yusta. Watu wazima wa kiwanja kizima hawakusikia, wewe ulisikia. Baadaye ulisahau, watoto husahau, nami nilishukuru. Lakini mwalimu wako wa shule ya Jumapili alikuja hapa kulalamika kwamba unaijua zaburi ya mchungaji vizuri sana ila kila siku unaishia palepale, na hataki kukuchapa kwa jambo la Mungu. Hatukuwa tumekufundisha zaburi hiyo. Mie nilikuwa siwezi hata kuifungua.

Tangu hapo sikulitamka tena lile neno "Soma" katika nyumba hii, mpaka leo. Umewahi kunitania mbele ya wenzako: "Baba za watu wanawaambia wakasome, wangu ananiambia kashike madaftari." Ulicheka, nami nikacheka. Sasa unajua nilikuwa nacheka nini.

Miaka ikapita, chumba kikawa stoo, nikajiambia yameisha. Kisha Jumapili ukashika kipaza sauti ukaanza kuisema zaburi ya shangazi yako mbele ya kanisa. Ukafika bondeni ukasimama. Watu walidhani machozi yamekubana, wakakusaidia kuimalizia kwa pamoja. Njiani uliniambia, "Nilisahau tu, baba." Lakini nilikuwa nakutazama. Hukuwa na sura ya mtu aliyesahau. Ulikuwa umegeuza kichwa unasikiliza, halafu ukatazama mlangoni, kama vile kuna mtu amesimama pale anayechelewa kuingia.

Jioni ile mama yako alikuwa anachambua mchicha. Bila kuniangalia akasema, "Baba Yusta, mtoto asiondoke na uongo wako kwenye begi. Mie nimenyamaza vya kutosha." Kumbe alijua. Yeye ndiye aliyeiosha maiti ile, na aliuona uso.

Sasa unaelewa kwa nini sikulala. Mmeambiwa kwamba siku ya kwanza chuoni kila mwanafunzi atasimama aeleze kilichomleta. Kilichokuleta nimekivunja mwenyewe usiku huu. Ningeweza kunyamaza, ukaenda, ukawa mtetezi mzuri kunishinda, na siku moja mtu mwerevu mwenye swali la kweli akagonga msingi wako akasikia mvumo wa kitu kitupu. Nimeogopa hilo kuliko ninavyoogopa kukupoteza. Hapana, hapo nadanganya tena. Nimeogopa yote mawili sawasawa, na nimekaa na kalamu hii tangu mlipozima taa.

Usinielewe vibaya kuhusu hoja. Hoja zina kazi yake. Wapo watu wanaojikwaa kwenye jiwe halisi, na anayejua jiwe liko wapi aliondoe. Jifunze historia, jifunze lugha za zamani, soma sura nzima kabla ya kunukuu mstari, na ukimweleza asiyeamini msimamo wake mwenyewe, uueleze mpaka aseme, "Ndiyo, hivyo hasa." Hayo walimu wako watakufundisha vizuri kuliko mie. Mie ninaloweza kukupa ni dogo. Watu wawili wanaweza kukuuliza swali lilelile kwa maneno yaleyale, mmoja anataka hoja, mwingine anauliza kama upo. Kwenye kipaza sauti hawatofautiani. Ukitaka kuwatofautisha lazima ukae karibu nao, na kukaa kunakunja suruali. Mtume aliyetuagiza tuwe tayari kujibu aliagiza na upole hapohapo. Nilikuwa namkatisha Tabita kabla hajafika kwenye upole. "Hapohapo," nilikuwa namwambia. "Rudia."

Na usimsemee Mungu uongo. Niliona namlinda kumbe nilikuwa najilinda mwenyewe. Tabita alikufa akitaka kuamini, akiwa amekwama bondeni. Mie nadhani hilo nalo linaweza kusemwa mbele ya watu. Sijui litatetewaje. Kama kuna kitu cha kukuendesha mpaka Dodoma, labda ni hicho, kwa sababu swali lake bado liko wazi na baba yako amelishindwa. Ukiamua kutokwenda, sitakulaumu, na aibu yake nitaibeba mwenyewe. Kwa vyovyote Jumapili nitasimama kanisani niwaambie. Ustadhi Shomari nimeshampigia simu leo asubuhi. Nilipomweleza ukweli akasema, "Siku ile ya msiba nilikuombea, nilikuona unazama." Akaniuliza kama ninakula vizuri.

Limebaki moja. Leo alasiri, mlipokwenda Kawe kumuaga mama mkubwa, nilifungua chumba cha uani. Nikatoa madumu na mafeni mabovu, nikatandika kitanda. Saa kumi ilipofika nikaingia, nikafunga mlango, nikakaa upande wa nje. Sikuvaa suti. Nikasema, "Soma."

Ikaanza. Haikuwa na spika, ilikuwa hapohapo, chini kidogo ya sikio langu. Yusta, niliogopa. Majani, maji, njia. Ikafika bondeni. Ikaacha.

Nilikuwa na majibu bado, ungeamini? Yalinijia mdomoni, kwanza, pili. Nikayameza. Nikasema, "Nipo, Tabi." Nikakaa. Sikutazama saa. Nilisikia wa jirani wakitwanga, nikasikia adhana ya magharibi, na giza likaingia chumbani nami bado nimekaa. Kisha nyuma yangu spring za kitanda zikalia, godoro likabonyea taratibu upande wa ukutani, jinsi linavyobonyea mtu akijigeuza kupata usingizi.

Hakuimaliza. Nakwambia kilichotokea tu, siongezi tabasamu.

Barua hii naiweka juu ya begi lako, kisha nakwenda huko uani. Ukiamka ukaikuta, sitaki unijibu. Kama bado una baba, njoo kabla bodaboda hajafika, mlango sijaufunga. Kaa kitandani upande wa nje, nami nitasogea. Upande wa ukutani una mwenyewe.

Baba yako